Rodi ya inzi ya kuvua striped bass, hapa Kisumu naitumia wapi?

rodi_namba8 (Kisumu)

Wadau mko aje. Naomba msaada na msinicheke, na mkicheka pia ni sawa juu pale ufuo wa Dunga nimeshachekwa vya kutosha.

Iko hivi. Shemeji yangu, yule alioa dada yangu, anaishi Massachusetts, Marekani, alituma mzigo na mtu na ndani kulikuwa na rodi ya kuvua kwa inzi, namba 8, futi 9, inakunjuka vipande vinne, na rili yake, uzi mnene kama kamba ya viatu, na kisanduku cha inzi bandia za manyoya meupe na kijani zenye macho ya chuma. Huko kwao anavua nayo samaki anaitwa striped bass, ni wa fedha hivi na mistari myeusi imepita ubavuni kutoka kichwa hadi mkia, kwa maji ya magoti, mahali anapaita flats. Mimi nikadhani anaongea juu ya flati za kupanga kama za Migosi, nikamuuliza samaki anaishi ghorofa ya ngapi, akacheka hadi simu ikakatika. Kumbe ni uwanja wa mchanga baharini, maji yakijaa panafunikwa, yakitoka unatembea na viatu.

Sasa nimeenda Dunga wiki tatu, kila Jumamosi saa 9 mchana nikitoka kazi. Sijapata hata fulu, kale kasamaki kadogo. Narusha uzi unanirudia usoni, siku ya kwanza ndoano ilishika kofia, ya pili ikashika mafunjo nyuma yangu, na kuna mzee mmoja alikuwa anatengeneza wavu akaniuliza, "Kijana, unachapa ziwa kiboko limekukosea nini?" Wote wakaangua. Halafu akaongeza ati niendelee tu kuchapa kiboko, kiboko mwenyewe ako hapo kwa mafunjo ananiangalia.

Maswali yangu: (1) sisi tuna mahali kama hizo flats ama nasumbuka bure? (2) samaki gani wa hapa anaweza kula hizo inzi? (3) naweza kuingia majini hadi magoti kama shemeji? Anakuja Desemba na ameshaniambia anataka "tuvue kama kwetu", sijui nitamwambia nini.

---

jalupo_wa_usoma

Nianze na swali la tatu juu hilo ndilo litakuua. USIINGIE. Narudia omera, usiingie maji na magoti yako. Hiyo video ya shemeji ni ya bahari baridi isiyo na kiboko. Hapa kiboko hutoka usiku kula nyasi na alfajiri anarudi majini, na akikupata umesimama kati yake na maji hakuulizi rodi yako ni namba ngapi. Mzee alikuambia kwa utani lakini hakuwa anatania.

Halafu kuna kichocho. Maji ya pembeni yaliyotulia, yenye majani na konokono, ndio nyumba yake. Kama tayari ulikuwa unaingia na miguu mitupu nenda upimwe, dawa ni praziquantel, wanakupima uzito kwanza ndio wajue tembe ngapi, usijinunulie ya kubahatisha. Mimi nimekunywa mara mbili maishani na bado naingia majini kila siku lakini mimi ni kazi, wewe ni starehe.

Swali la pili. Kwa pembe yetu hii inzi yako itakuliwa na mbuta (sangara) wadogo zaidi ya wote. Mbuta anakula samaki wenzake, omena (dagaa) na fulu, sasa hiyo manyoya ikipita mbele yake kama omena aliyeumia, atairukia. Ngege (tilapia) yeye mdomo mdogo na tabia ingine, unaweza kumpata na inzi ndogo sana lakini si hizo za macho ya chuma. Na ukiona ngege amechimba kisahani mchangani kwa maji mafupi analinda, muache, huyo ako kwa kazi ya kuzaa. Jike akishataga anabeba mayai kwa mdomo. Wanaovua hapo ndio wametumalizia samaki halafu wanakuja kulia kwa mkutano wa BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo.

Na saa 9 mchana unaenda kufanya nini ziwani na rodi? Hiyo saa upepo unatoka ziwani unakuja kwa uso wako. Hata sisi wa tanga tunajua. Asubuhi upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana unageuka. Angalia hyacinth, yale magugu ya majini, asubuhi imesukumwa mbali, jioni imerudi kujaa mlangoni. Ungeuliza mapema ungeokoa Jumamosi tatu na nauli ya boda.

---

night_shift_lowell

Nyumbani ni Mumias lakini niko Lowell, Massachusetts, mwaka wa kumi na moja sasa, na huu ndio mjadala wa kwanza humu ndani umenifanya nitoe password kwa kabati. Nafanya kazi usiku kwa nyumba ya wazee, nikitoka asubuhi badala ya kulala naendesha gari kufuata mto Merrimack hadi unapoingia baharini Newburyport, hapo kuna hizo flats, zinaitwa Joppa. Wenye pesa na muda wanaenda Cape Cod, pale Brewster maji yakitoka bahari inarudi nyuma zaidi ya maili moja na unabaki unaona mchanga tu kama uwanja wa ndege.

Acha nieleze vile inafanya kazi, juu ukielewa hii ndio utajua nini unaweza kuiga hapo Kisumu na nini uachane nayo.

Striped bass hazaliwi hapa kwetu. Wengi wanazaliwa kusini, mito ya Chesapeake, wengine mto Hudson, wakizeeka kidogo wanakuwa wasafiri, wanapanda kaskazini na pwani, hapa wanafika Mei na wakianza kuona baridi Oktoba wanarudi. Wanafuata chakula tu. Na kwa flats chakula ni kaa wadogo, kamba, na visamaki vyembamba virefu, fikiria omena amevutwa akawa kama penseli, ambavyo vinajizika mchangani. Maji yakitoka hivyo visamaki vinabaki vimejificha chini ya mchanga, maji yakianza kurudi striper (ndiye huyo striped bass) anakuja nayo, anakuja kwa maji hata ya futi mbili, mgongo karibu nje, anapekua. Hapo ndio unamngoja.

Sasa hii si kuvua, ni kuwinda. Unasimama. Dakika ishirini, nusu saa, umevaa miwani ya polaroidi na kofia, jua liko juu, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, juu bila jua huoni kitu. Huoni samaki, unaona kivuli kinatembea mchangani na hakifanani na majani. Wanaanza wawili, watatu, wanakuja mstari kama watoto wa shule. Unarusha mbele yao hatua mbili tatu, unaacha inzi izame hadi chini, wakikaribia unavuta uzi kidogo na mkono wa kushoto, inzi inaruka na vumbi la mchanga linatoka. Kivuli kimoja kinageuka. Hapo moyo unasimama. Ukimrushia kichwani wote wanapotea na umebaki unaangalia maji kama mjinga. Mimi msimu wangu wa kwanza nilienda siku tisa bila samaki hata mmoja kwa hivyo wiki zako tatu si kitu.

Na akiuma USIINUE RODI. Hii ndio kosa la kila mtu. Shika uzi na uvute na mkono, nyoosha kabisa, rodi ikielekea kwa samaki. Ukiinua rodi unamtoa inzi mdomoni.

Kuhusu uzi kukurudia usoni: kwa hii uvuvi uzito hauko kwa ndoano, uko kwa uzi. Inzi ni manyoya. Hiyo namba 8 ni daraja la uzito wa uzi, rodi na uzi lazima zifanane. Ukirusha nyuma ngoja uzi unyooke WOTE nyuma yako ndio ulete mbele, wengi hawangoji. Enda kwa uwanja wa nyasi, toa ndoano, funga kipande cha sufu, fanya dakika kumi na tano kila jioni bila samaki. Na uulize shemeji kama huo uzi ni wa maji baridi. Uzi uliotengenezewa baridi ukifika kwa joto la Kisumu unalegea, unakuwa kama tambi zilizokaa kwa sufuria, unanata kwa pete za rodi. Kuna nyuzi za joto, mwambie akuje na moja.

Hizo inzi za macho ya chuma zinaitwa Clouser, jina la Mmarekani wa Pennsylvania aliyezianzisha miaka ya 1980 akivua samaki wa mtoni, wala si baharini. Macho yamefungwa upande wa juu ndio inzi igeuke ndoano iangalie juu, haishiki mawe ovyo. Kwa mbuta nafikiri zitafanya kazi vizuri sana.

Jambo la mwisho kabla nilale. Hapa huli samaki vile unataka. Tangu 2023 unaruhusiwa mmoja kwa siku, na awe kati ya inchi 28 na chini ya 31, ndogo rudisha, kubwa pia rudisha, juu kubwa ndio mama wa mayai. Miaka ya 1980 hawa samaki walikuwa wamepotea karibu kabisa, Maryland ikafunga uvuvi wake kabisa 1985. Watu wanasema Wazungu wanarudisha samaki kwa sababu wameshiba. Wengine ndio. Lakini pia waliwahi kuonja njaa ya hiyo bahari.

---

mpwani_ksm

Mie mtu wa Kilifi, kazi ndiyo iliyonileta Kisumu, na kila siku nalia moyoni kwa kukosa bahari. Kaka rodi_namba8, ziwa halipwi wala halijai, na hapo ndipo tatizo lako lilipo. Shemejiyo anavua kwa mwezi. Sisi kwetu kila mvuvi ana kalenda kichwani: mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, maji yanatoka mbali na yanarudi na nguvu. Mwezi wa nusu ni maji mafu, yanatikisika tu hayaendi popote. Kupwa hadi kujaa ni saa sita na kidogo, na kila siku wakati unasogea mbele kama dakika 50, kwa hivyo leo ukienda saa 2 kesho si saa 2. Mwambie shemeji hata Kenya flats ziko, aende Mida Creek, aende Lamu, lakini huko hatapata bass wake, atapata samaki wengine.

Hapa Nyanza badala ya mwezi una upepo, huyo mjomba wa Usoma kasema kweli. Mimi nimekaa pale karibu na Hippo Point jioni nyingi nikiangalia maji yakisukumwa ukingoni, yanapanda kidogo, povu linajipanga mstari, na visamaki vinabanwa katikati ya hyacinth na nchi kavu. Ukiangalia vizuri ni kama kujaa kwa maji, ila hakuna kalenda. Samaki mkubwa anajua. Anakuja chini ya ule mstari wa povu.

Lakini kuwinda kwa macho kama ndugu yetu wa Lowell sahau kabisa. Maji ya gulf yetu ni kijani, tia mkono hadi kiwiko uone kama unaviona vidole. Miwani hiyo itakusaidia kuonekana maridadi tu.

---

jalupo_wa_usoma

@mpwani_ksm "ziwa halijai" umesema hivyo 2020 ulikuwa wapi? Lilijaa hadi likaingia kwa nyumba yangu 😂

---

mpwani_ksm

Lile ni gharika mzee wangu, halirudi baada ya saa sita.

---

kasarani_naivasha

Nakuru county hapa, upande wa ziwa Naivasha. Kama shemeji anataka neno "bass" basi amlete huku, sisi tunaye. Ila si ndugu ya wake. Wetu ni yule wa mdomo mkubwa, aliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 watu wapate mchezo wa kuvua, striped bass ni ukoo mwingine kabisa, wamegawana jina tu kama Otieno wa Ugenya na Otieno wa Karachuonyo.

Mimi hupeleka wageni na boti na nimeona wengi wakija na hizo rodi za inzi. Bass anakaa kwa kivuli, pembeni ya mafunjo, na tangu maji yapande ile 2020 kuna migunga mingi imekufa imesimama ndani ya ziwa, hapo katikati ya miti ndio amejenga. Unamrushia karibu na shina. Shida ni inzi inabaki mtini, siku moja mgeni aliacha saba kwa mti mmoja, mti ukawa umepambwa kama wa Krismasi, na singeweza kuukaribia kwa sababu chini yake kulikuwa na kiboko na mtoto.

Lakini kama unataka kitu inafanana na flats kwa ukweli, ni kapu (carp). Yule wa magamba makubwa na sharubu, alionekana ziwani karibu 2001 na sasa ndiye wamejaa kwa nyavu. Anakuja kwa maji mafupi, anainamisha kichwa kwa matope anatafuta wadudu, mkia unatoka nje ya maji unapepea. Unaona ule mkia. Unamuwekea inzi pole pole mbele ya mdomo, hakuna kelele. Ni mwoga kuliko bass, na akikimbia na huo uzi wako utasikia rili ikilia. Watu wanamdharau hapa juu ya mifupa, lakini kwa rodi namba 8 sioni wa kumshinda.

Kitu kimoja: usishuke kwa boti. Huku pia viboko wamewaua wavuvi, na si wachache. Na leseni ya kuvua kwa mchezo chukua, ofisi ya uvuvi wanakagua.

Kuhusu mbuta: ukoo wake ni mmoja na barramundi wa Australia, Lates wote wawili, na kule barramundi wanavuliwa kwa inzi kwenye maji ya kupwa na kujaa. Kwa hivyo mwambie shemeji hujambadilishia sana, umemletea tu binamu wa mtu.

---

rodi_namba8

Asanteni sana, nimerudi na ripoti.

Kwanza nilienda hospitali, niko sawa, nilikuwa nimeingia mara moja tu. Pili nimefanya mazoezi kwa uwanja wa shule ya mtaa wiki mbili na kipande cha sufu, watoto wanakuja wanakaa kwa mstari kuangalia, mmoja ananiambia "ngoja nyuma, mwalimu, ngoja nyuma" juu amesikia nikijiambia. Uzi ni wa maji baridi kweli, jioni afadhali, mchana unanata kama bazoka.

Jumamosi nikaongea na mwenye mashua hapa Dunga, tukatoka saa 12 asubuhi na nusu, yeye kwanza alisimama dakika tano akisikiliza viboko wako wapi, akaniambia twende upande ule. Maji yalikuwa yametulia kama kioo na upepo mdogo mgongoni kwangu, uzi ukaenda! Sijui nieleze aje, ilinyooka hadi mbele ikaanguka bila kelele, na mwenye mashua akasema "ehe", hiyo tu, lakini wiki tatu nilikuwa nachekwa kwa hivyo nilisikia kama makofi.

Saa 2 na kitu, pembeni ya kisiwa cha hyacinth, visamaki vikaanza kuruka kama mvua. Nikatupa hiyo Clouser nyeupe na kijani, nikahesabu hadi nne, nikavuta, nikavuta, ya tatu ikasimama kama imeshika gunia. Nikainua rodi. Ndio, nikainua, @night_shift_lowell nisamehe. Akatoka. Nikatupa tena pale pale mikono ikitetemeka, na safari hii nikavuta uzi na mkono kama nimeambiwa, akashika. Akaruka mara moja, mdomo wazi, anatingisha kichwa.

Mbuta. Jicho linang'aa rangi ya dhahabu hivi kama la paka. Nikamshika vibaya, kumbe pale kwa shavu kuna miiba kama wembe, nimekatwa kidole cha shahada na bado kimefungwa ninapoandika. Nikampima na rula niliyochora kwa rodi, sentimita 38. Na hapa ndio nikakumbuka mambo ya Lowell, juu mbuta pia ana kipimo chake, chini ya 50 hapana na juu ya 85 hapana, ni yale yale ya huyo striper wao. Nikamweka majini nikamshika mkia akapumua akaenda.

Mwenye mashua hakuamini. Alinyamaza. Alinyamaza hadi tukafika pwani, akafunga mashua, akahesabu pesa yake, akasema imepungua mia mbili. Nikamuuliza ya nini, tulikubaliana. Akasema, "Ya yule samaki. Ulimtupa kwa ziwa langu na mimi nyumbani nilikuwa nimeshawaambia waweke sufuria."

Nikampa. Sasa @kasarani_naivasha, wewe ukirudisha kapu ya mgeni unaandikiana naye kabla ama baada? Na shemeji anafika tarehe 19, niulizie boti ya watu wawili.

---

kasarani_naivasha

Kabla. Kila mara kabla. Njoo inbox tupange, na umwambie akuje na uzi wa joto.